FEDHA, MAADILI NA MWAMBA WA CHUMBE
Uchambuzi wa hifadhi ya bahari iliyo mikononi mwa kampuni binafsi

Swali la nani alinde mali ya asili ya Taifa, na kwa fedha ya nani, ni swali la kisiasa kabla ya kuwa swali la wataalamu wa wanyama na samaki. Makala haya yanalichambua swali hilo kwa kutumia mfano mmoja, nao ni kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, ambako tangu miaka ya 1990 kampuni binafsi inasimamia mwamba wa matumbawe na msitu kwa fedha itokanayo na watalii. Mfano huo umechaguliwa kwa makusudi. Kama ungechaguliwa mfano wa mwekezaji mwovu, kada angejifunza kulaani tu, na kulaani ni kazi rahisi isiyohitaji darasa. Chumbe ni mahali ambapo kampuni imelinda kweli kitu ilichokabidhiwa. Kwa sababu hiyo, hapo ndipo nadharia yetu inapopimwa.

Mwanachuo wa hapa Maisaka anaweza kuuliza: bahari inatuhusu nini sisi wa Babati, tulio mamia ya kilomita kutoka pwani, ambao maji tuyajuayo ni ya Ziwa Babati na viboko wake? Inatuhusu kwa sababu mambo yaliyotokea Chumbe ndiyo yanayotokea Burunge, kati ya Tarangire na Ziwa Manyara, ndani ya wilaya yetu. Huko vijiji vimetenga ardhi kwa ajili ya wanyamapori, wawekezaji wamejenga kambi za watalii, na kila mwaka watu hugombana juu ya mgawo. Tofauti ni kwamba huku kwetu vumbi la ugomvi ni jingi mno, na mtu aliye ndani ya vumbi haoni mbali. Kisiwa kidogo kilichozungukwa na maji ni rahisi zaidi kukichambua. Hesabu zake zinaonekana, mipaka yake haina ubishi, na wahusika wake wanahesabika.

MKINZANO WENYEWE

Septemba 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alitoa mjini Arusha tamko kuhusu wanyamapori, lililokuja kuitwa Manifesto ya Arusha. Wengi hulikumbuka kwa ahadi yake kwa vizazi vijavyo. Sehemu inayosahauliwa ni ile iliyosema kwamba kazi ya kuhifadhi inahitaji utaalamu, watu waliofunzwa na fedha, na kwamba mataifa mengine yanaombwa kushiriki. Februari 1967, katika mji ule ule na chini ya kiongozi yule yule, likaja Azimio la Arusha, ambalo lilituonya kwamba kujenga mategemeo yetu juu ya fedha, na hasa fedha ya kutoka nje, ni kujifunga wenyewe.

Wapo wanaodhani kwamba matamko haya mawili yanapingana na kwamba moja lazima liwe kosa. Huo ni usomaji wa juu juu. Mkinzano haumo katika maneno ya Mwalimu, umo katika hali halisi. Hifadhi bila fedha haiwezekani. Hifadhi inayotegemea fedha ya nje huanza polepole kumtumikia mwenye fedha. Kada hana ruhusa ya kuchagua upande mmoja na kuufumbia macho wa pili.

Ukosefu wa fedha ulituumiza vya kutosha. Kwa miongo kadhaa wavuvi haramu walitumia baruti katika pwani ya Tanzania Bara, kuanzia Tanga mpaka Mtwara. Mlipuko mmoja huua samaki wakubwa na wadogo kwa pamoja, na huvunja matumbawe yaliyochukua miaka mingi kukua. Sheria ya kukataza ilikuwepo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Jeshi la Wanamaji liliposhiriki katika operesheni, milipuko ilipungua sana. Operesheni ilipolegea, baruti ikarudi. Sheria ilikuwa ile ile kabla ya operesheni na baada yake. Kilichobadilika ni mafuta ya boti, posho za askari na idadi ya siku za doria. Mtu anayesema kuwa hifadhi ni jambo la moyo tu hajawahi kununua dizeli ya doria.

Ni katika pengo hili kwamba mwekezaji binafsi huingia akisema: nipeni mimi, nitalinda kwa fedha yangu.

MWAMBA ULIOSALIMIKA

Chumbe ni kisiwa kidogo cha jiwe la matumbawe, kusini-magharibi ya mji wa Zanzibar. Eneo lake lote halizidi sana hekta 20. Kina mnara wa taa ya kuongozea vyombo uliojengwa na Waingereza mwaka 1904, na msikiti mdogo uliojengwa kwa ajili ya mlinzi wa mnara na jamaa zake. Upande wa magharibi upo mwamba ambao wanasayansi wamehesabu ndani yake zaidi ya aina 200 za matumbawe magumu na zaidi ya aina 400 za samaki. Utajiri huo haukutokana na kampuni yoyote. Mwamba ulisalimika kwa sababu uko kando ya njia ya meli ziingiazo bandarini, na eneo la jirani lilikuwa la jeshi, hivyo uvuvi hapo ulikuwa mdogo au umezuiwa. Msomaji ashike jambo hili. Tutalirudia tutakapomzungumzia mvuvi.

Mwaka 1991 Sibylle Riedmiller, Mjerumani aliyewahi kufanya kazi katika miradi ya misaada, alianza kuishawishi Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilinde mwamba huo. Serikali haikuwa na idara wala bajeti ya kazi hiyo. Iliundwa kampuni iitwayo Chumbe Island Coral Park. Mwaka 1994 mwamba ulitangazwa rasmi kuwa eneo la hifadhi chini ya sheria ya uvuvi ya Zanzibar ya 1988, na kampuni ikapewa mkataba wa kuusimamia kwa miaka 10, mkataba unaoweza kuongezwa. Baadaye msitu nao ukatangazwa kuwa hifadhi. Mwaka huo huo wa 1994, Bunge lilitunga Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, Na. 29, ambayo mwaka 1995 ilizaa Hifadhi ya Bahari ya Mafia. Kwa hiyo hifadhi ya Chumbe ilianza kazi kabla ya ile ya Mafia, na mara nyingi hutajwa kuwa hifadhi ya bahari ya kwanza duniani kusimamiwa na kampuni binafsi.

Sura ya kampuni yenyewe inahitaji kuelezwa, maana wanafunzi wengi wakisikia neno kampuni huona gawio la wanahisa tu. Hii ilisajiliwa kama kampuni ya hisa, lakini malengo yake yaliandikwa kuwa ya hifadhi na elimu, na mapato ya utalii hurudishwa katika kazi hizo. Mtaji uliotumika, zaidi ya dola milioni moja za Marekani, ulitoka kwa sehemu kubwa kwa mwanzilishi mwenyewe, na sehemu nyingine ikatoka kwa wafadhili na watu waliojitolea. Zimejengwa nyumba saba tu za wageni. Zinakinga maji ya mvua kwa mapaa yao, zinatumia umeme wa jua, na vyoo vyake havimwagi chochote baharini. Panya waliokuwa wameenea kisiwani waliangamizwa mwaka 1997. Paa nunga, ambaye alihesabiwa kuwa miongoni mwa swala walio hatarini zaidi, aliletwa kutoka Unguja ili azaliane huko bila kuwindwa. Mwaka 2000 Umoja wa Mataifa uliutunukia mradi tuzo yake ya mazingira.

Sifa hizo ni za haki. Lakini kada haishii kwenye tuzo.

HESABU YA HIFADHI

Tukumbuke somo la uchumi wa kisiasa juu ya pango. Mwenye ardhi yenye rutuba hupata malipo makubwa kuliko mwenye ardhi ya mawe, ingawa hakuitengeneza rutuba hiyo. Kadhalika mwenye kisiwa chenye mwamba mzuri humtoza mtalii zaidi, ingawa matumbawe hakuyapanda yeye. Hivyo bei ya usiku mmoja kisiwani ina sehemu mbili zilizochanganyika. Sehemu moja ni malipo ya kazi: ya mpishi, nahodha, mtandikaji wa vitanda, na ya mtaji uliowekwa. Sehemu ya pili ni pango la maumbile, na maumbile hayo ni ya umma. Swali zima la maadili katika hifadhi binafsi ni hili: sehemu ya pili inakwenda wapi? Ikienda mfukoni, basi umma umeporwa hata kama mwekezaji ana tabasamu na wafanyakazi wamevaa sare safi. Ikienda kwenye ulinzi wa mwamba, elimu na mapato ya jirani, mwekezaji anafanya kazi ya umma kwa kutumia chombo cha binafsi.

Sasa tuangalie kwa nini hata mtu mwadilifu husukumwa na hesabu. Tuchukue mfano wa kubuni. Kisiwa kina vyumba saba, nacho hupokea wageni siku 300 kwa mwaka, kwa kuwa wakati wa masika hufungwa. Vyumba vikijaa siku zote, tunapata usiku 2,100. Tuseme ulinzi, boti, mishahara ya walinzi na masomo ya watoto hugharimu shilingi milioni 210 kwa mwaka. Kila usiku wa chumba utabeba shilingi 100,000 za hifadhi kabla mgeni hajala wala hajanywa. Vyumba vikijaa nusu, kila usiku utabeba 200,000, kwa sababu mlinzi hawezi kulinda nusu ya mwamba eti watalii wamekuja nusu. Gharama ya hifadhi ni gharama isiyoinama.

Mhasibu akiiona hesabu hiyo atashauri mara moja: jengeni vyumba 70, na mzigo utashuka mpaka shilingi 10,000. Kwa karatasi yuko sawa. Lakini vyumba 70 vinataka maji ambayo kisiwa hakina, vitatoa maji machafu ambayo mwamba hauwezi kuyabeba, na vitaleta waogeleaji wanaokanyaga matumbawe kila siku. Hapo fedha itakuwa imekula kitu ilicholetwa kukilinda. Anayekataa ushauri wa mhasibu analazimika kupandisha bei, na bei ikipanda, kisiwa kinakuwa mahali pa wageni matajiri peke yao. Mzanzibari anakiona mnara kutoka ufukweni kwake na hawezi kuufikia.

Chumbe ilijaribu kulitatua hilo kwa kumtoza mgeni na kumsamehe mwanafunzi. Watoto wa shule za Zanzibar na walimu wao huletwa bila malipo, wakavishwa vifaa vya kuogelea na kuonyeshwa mwamba. Maelfu wamepita huko. Wasichana wengi wa visiwani walikuwa hawajapata kamwe kuingiza kichwa chini ya maji ya bahari iliyo mbele ya nyumba zao, na walimu wa Chumbe walitafuta mavazi na utaratibu unaokubalika kwa wazazi ili nao washiriki. Kwangu mimi jambo hili lina uzito kuliko tuzo zote. Hata hivyo tulitazame kama lilivyo. Haki ya mtoto wa Kizanzibari kuuona mwamba wa nchi yake inalipiwa na mtalii. Siku mtalii asipokuja, haki hiyo inasimama.

Na kuna siku hakuja. Kisiwa kilifungua milango kwa wageni katika mwaka wa 1998. Mwaka huo huo joto la bahari lilipanda kutokana na El Niño, na matumbawe katika sehemu kubwa ya magharibi ya Bahari ya Hindi yakapauka na kufa. Agosti 7 mwaka huo balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam zikalipuliwa. Zikafuata fujo za kisiasa za Januari 2001 huko Zanzibar, na mashambulizi ya Septemba mwaka huo huko Marekani. Kuanzia Machi 2020 ugonjwa wa Uviko ulikata safari za ndege, na mapato ya utalii visiwani yakakauka kwa ghafla. Katika kila tukio, aliyesababisha hasara alikuwa mbali na samaki wa Chumbe. Mwamba haukuwa na kosa, lakini mshahara wa mlinzi wake ulitetereka. Hivi ndivyo utegemezi unavyofanya kazi hata pale ambapo hakuna mtu mwenye nia mbaya.

Serikali nayo haikosi lawama. Mwanzilishi wa Chumbe ameandika kwa uchungu jinsi vibali vya idara nyingi vilivyochelewesha ujenzi na kupandisha gharama, na jinsi kampuni inayolinda ilivyotozwa kodi na ada sawa na hoteli isiyolinda chochote. Mtu anaweza kusema hayo ni malalamiko ya mfanyabiashara, na kila mfanyabiashara hulalamikia kodi. Lakini hoja ya pili ni ya kweli kinadharia. Ikiwa hoteli mbili zinashindana, moja ikabeba gharama ya walinzi na shule, nyingine isibebe, soko litaiadhibu iliyo njema. Kuwaacha wanaolinda washindane hivyo na wasiolinda ni kuamua kwamba ulinzi ufe. Msamaha wa kodi kwa kazi ya hifadhi iliyothibitishwa na kukaguliwa si zawadi kwa bepari. Ni umma kulipia huduma yake wenyewe. Neno zito hapo ni kukaguliwa.

MVUVI YUKO WAPI?

Hifadhi nyingi za kikoloni zilianza kwa kumfukuza mtu. Ndiyo maana wananchi wengi, bara na pwani, wakisikia neno hifadhi husikia neno kuhamishwa. Chumbe haikumfukuza mtu wengi wanavyodhani, kwa sababu iliyotajwa juu: mwamba ulikuwa tayari hauvuliwi sana. Kampuni iliajiri wavuvi wa vijiji vya jirani na kuwafunza kuwa walinzi. Hawabebi silaha. Mvuvi akiingiza ngalawa yake ndani ya mpaka, mlinzi humwendea na kuzungumza naye kama mvuvi kwa mvuvi, akimweleza kuwa samaki wakiachwa wazaliane mahali pamoja, wanaozidi hutoka nje ya mpaka na kuingia katika madema ya jirani. Vyombo vinavyopatwa na dhoruba husaidiwa. Viongozi wa vijiji wamo katika kamati ya ushauri pamoja na idara za Serikali na Taasisi ya Sayansi za Bahari. Mlinzi anayemjua mvuvi kwa jina, na ambaye kesho atakutana naye msikitini, ana nguvu kuliko bunduki.

Lakini hatuwezi kuuchukua utaratibu wa Chumbe na kuupandikiza kila mahali. Tuvuke tuende Pemba. Kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, kimekuwa na madago ya wavuvi kwa muda mrefu sana, na maisha ya zaidi ya wavuvi elfu moja yanategemea maji yake. Pia ni mahali penye heshima ya dini. Inasimuliwa kwamba Nabii Khidhri alipofika hapo akaomba msala wa kusalia, na ulipokosekana akakifanya kisiwa chenyewe kuwa msala wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kulikuwa na mpango wa kukikabidhi kisiwa hicho kwa mwekezaji wa hoteli. Wavuvi walipinga. Serikali ikasikiliza, na mwaka 1998 Misali ikatangazwa kuwa eneo la hifadhi ambalo wavuvi wenyewe wanashiriki kulisimamia, huku sehemu ndogo tu ikiwa imefungwa isivuliwe na nyingine ikibaki wazi kwa uvuvi halali. Masheikh walishirikishwa kufundisha kwamba binadamu ni mwangalizi wa viumbe, na kwamba kuharibu bahari kwa sumu au baruti ni dhambi kabla ya kuwa kosa la jinai.

Ukilinganisha visiwa hivi viwili utaona jambo ambalo vitabu vya uchumi wa soko havilisemi. Umiliki wa binafsi ulifaa Chumbe kwa sababu hapakuwa na mtu wa kunyang'anywa. Misali ungekuwa wizi. Kwa hiyo hatuna jibu moja la kusema ubinafsi ni mwema au ni mbaya kwa hifadhi ya bahari. Kwanza lazima ufanyike uchunguzi wa kitabaka wa mahali penyewe: nani anakula kutokana na maji haya, kwa zana gani, msimu gani, kaskazi au kusi, na atakula nini yakifungwa. Hata wake wa wavuvi na wanawake wanaochokoa pweza wakati wa bamvua wahesabiwe. Mara nyingi husahauliwa, kwa sababu wao hawana boti na hivyo hawaonekani katika orodha ya wavuvi.

MNYAMA KAMA MTAJI

Kuna aina ya tatu, ambayo nitaigusa kwa ufupi kwa kuwa ndiyo inayoleta udanganyifu mwingi. Huko Nungwi, kaskazini ya Unguja, yapo mabwawa ya asili ambamo kasa walionaswa katika nyavu hutunzwa, na watalii hulipa kuwatazama, kuwalisha mwani, na mahali pengine kuogelea nao. La kwanza kati ya hayo lilianzishwa na wanakijiji mwaka 1993, nalo lilimpa mvuvi sababu ya kutomchinja kasa. Hilo ni jema. Lakini pindi kasa anapoanza kuleta fedha akiwa ndani ya bwawa, fedha yenyewe huanza kumtetea bwawani na kumpinga baharini. Kasa aliyepona na kurudishwa baharini haleti kiingilio. Kipimo cha uaminifu wa bwawa la namna hiyo ni rahisi: wangapi waliingia, wangapi walitoka, na baada ya muda gani. Anayekataa kuonyesha daftari hilo ana biashara ya maonyesho, na aiite hivyo.

Kizimkazi kuna somo la namna hiyo hiyo. Pomboo waliokuwa wakivuliwa zamani ili wawe chambo cha papa, tangu miaka ya 1990 wamekuwa kivutio cha watalii, na kijiji kimefaidika. Pomboo hai akawa na thamani kuliko pomboo mfu. Lakini kila nahodha anataka mgeni wake amfikie pomboo kwanza, kwa hiyo boti nyingi huwazingira na kuwakimbiza, na wanasayansi wameonyesha kwamba mwenendo wa wanyama hao hubadilika kwa kusumbuliwa hivyo. Hapa hakuna kampuni kubwa ya kigeni. Ni wanakijiji wadogo wanaoshindana. Wale wanaoamini kwamba mali ikiwa mikononi mwa wanyonge basi maadili yatajileta wenyewe, na waende Kizimkazi asubuhi ya msimu wa watalii.

MIKATABA YA SASA

Jambo hili si historia. Tangu 2021 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, katika siasa yake ya uchumi wa buluu, imevifungua visiwa vidogo kadhaa kwa wawekezaji kwa ukodishaji wa muda mrefu. Visiwa vya aina hiyo karibu vyote vimezungukwa na miamba na madago. Wawekezaji wengi watasema maneno ya hifadhi, kwa kuwa leo maneno hayo huuza vyumba. Kada asiyeijua Chumbe atayakubali yote au atayakataa yote.

Somo kubwa la Chumbe, kwa maoni yangu, ni kwamba wema wa mwanzilishi ulikuwa wa lazima lakini haukutosha. Mwanzilishi ni binadamu. Huzeeka, huuza hisa, hufa, na anayerithi huwa na hesabu zake. Kilichouweka mwamba salama ni kwamba ulitangazwa katika sheria kuwa eneo lisilovuliwa, kwamba kampuni ilipewa mkataba wa usimamizi na haikupewa mwamba, na kwamba mkataba huo una muda. Mwenye mkataba wa miaka 10 hukumbuka kuwa ataulizwa. Mwenye hati ya miaka 99 huulizwa na wajukuu, nao huwa hawana mamlaka.

Hivyo mambo ya kudaiwa ni ya kawaida kabisa, wala hayahitaji hotuba. Bahari na ufuo wa chini ya kiwango cha maji makuu visikodishwe pamoja na nchi kavu. Idadi ya vitanda iandikwe katika mkataba, ili mhasibu wa kesho asiibadilishe kwa barua. Hesabu za sehemu ya hifadhi zitenganishwe na za hoteli na zisomwe mbele ya vijiji jirani. Njia ya wavuvi kupita, kujikinga na dhoruba na kuchota maji ilindwe. Na katika miaka ya neema sehemu ya mapato iwekwe akiba, ili mwaka kama wa 2020 ukija tena mlinzi apate mshahara bila kuomba wafadhili. Hili la akiba ndilo gumu kuliko yote. Kampuni yenye vyumba saba haina ziada ya kuweka kwa urahisi, na Serikali zetu zina mazoea ya kuiona akiba yoyote kuwa fungu la matumizi.

Lipo pia jambo lililo nje ya uwezo wa mkataba wowote. Matumbawe ya ukanda wetu yalipauka tena mwaka 2016, na tena 2024, kwa sababu ya joto la bahari linalosababishwa kwa kiasi kikubwa na moshi wa viwanda na magari ya nchi tajiri. Ndege inayomleta mtalii aje kulipia ulinzi wa mwamba nayo inachangia joto hilo. Nimewahi kuulizwa darasani kama basi tumkatae mtalii. Sikulijibu swali hilo kwa ndiyo wala hapana, kwa kuwa anayemkataa leo lazima aseme keshokutwa atamlipa mlinzi kwa nini.

Turudi Burunge. Vijiji vya huko vina chombo chao, Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori, iliyopata mamlaka mwaka 2006, na kina mikataba na wawekezaji. Migogoro ya ardhi katika kijiji cha Vilima Vitatu ilifika hadi Mahakama ya Rufani, wafugaji wakidai haki yao ya kubaki mahali pao. Kikundi cha mafunzo cha tawi lolote la Babati kinaweza kuanza na kazi ndogo: kuomba nakala ya mkataba mmoja wa mwekezaji, kuuliza kama umewahi kusomwa kwa Kiswahili katika mkutano mkuu wa kijiji, na kutafuta ndani yake idadi ya vitanda, muda, na mstari unaosema fedha ya ulinzi inatoka wapi mwaka ambao watalii hawakuja.